Ulihamisha Fimbo Uliponiona

Mwanangu Zena,

Umekwenda kusukwa kwa Bi Pili, na kwa Bi Pili hakuna kichwa kinachotoka kabla maneno hayajakwisha, kwa hiyo nina muda. Nimesogeza cherehani pembeni na kuweka karatasi juu ya sare za shule ambazo wenyewe walizitaka jana. Watasubiri. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako ulizokunja, uione kabla hujalala. Isome, halafu usije chumbani kwangu, maana nitaona haya, na nikiona haya naongea ovyo, unanijua.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala baridi ya Arusha, wala vijana wa chuoni. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka juzi ulinijibu "Sawa mama" kabla sijafungua mdomo. Nakuandikia habari za siku ile uwanjani. Tangu rafiki yako Anna avunjike mkono hujaigusa tena baiskeli, na mimi na wewe tumeishi nyumba moja tukilizunguka jambo hilo bila kulitaja. Kesho unapanda basi. Sitaki uondoke nalo, kwa sababu si lako.

Ngoja nianzie ulikoanzia mwenyewe.

Uliingia humu ndani jioni moja magoti yamechubuka, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, unacheka. Nikadhani umegongwa na bodaboda. Kumbe Mwalimu Deo, yule wa hesabu, ameleta mchezo wa polo, na kwa kuwa hapa Bagamoyo hatuna farasi, mnapanda baiskeli. Watatu kwa watatu, kwenye uwanja wa netiboli nyuma ya shule. Kila mmoja ana fimbo ndefu yenye kichwa cha kipande cha bomba la maji, mnakimbiza kampira kadogo mpaka golini.

"Na mguu ukigusa chini," ukasema, "huruhusiwi kucheza. Unaendesha mpaka katikati, unagonga ubao kwa fimbo, ndipo unarudi."

"Mchezo gani huo wa kumkataza mtu kukanyaga ardhi ya Mungu?"

"Leo nimegonga ubao kuliko nilivyogonga mpira," ukasema, ukacheka mpaka ukaweka sahani chini.

Sikuwa nimewahi kukuona ukichekea kitu ulichoshindwa. Hapa nyumbani ukishindwa ulikuwa unanyamaza tu, unainamisha kichwa. Nililiona hilo na nikalipita, nilikuwa na vifungo vya kushona.

Basi kila jioni ukawa unaniletea somo jipya. Mwanagenzi haangalii mpira, anaangalia anakokwenda, mpira atauhisi kwa fimbo. Mwanagenzi asishindane na mtu kwa mabavu, kwanza ajifunze kusimama bila kuanguka, baiskeli ikiwa imetulia palepale. Na breki. Hilo la breki ulinieleza mara nyingi, mpaka ukachukua mkasi wangu kunionyesha. Breki inaachwa moja tu, na inafungwa upande wa mkono usioshika fimbo, kwa sababu mkono wenye fimbo hauna kidole cha kubana kitu kingine. Mimi nilikuwa naitikia "enhe, enhe" huku nakata kitambaa. Masikio yalikuwepo, akili ilikuwa kwenye kola.

Lakini nilipenda ulivyopenda. Maneno matamu hayanitoki mimi, nikipenda kitu nakishonea. Nikachana lile godoro kuukuu la baba yako, nikachukua jinzi za mtumba, nikawashonea timu yenu yote vikinga vya magoti. Jumapili ile waliyokuja wageni kutoka Dar kucheza nanyi, nikavitia kwenye mfuko wa sandarusi nikaja navyo uwanjani. Sikukuambia nakuja. Nilitaka nikustukize.

Nikasimama kwenye ukuta, upande wa goli. Anna, siku hiyo amepangwa upande wa wageni, alikuwa mbele ya goli analinda, ameiweka baiskeli yake kiubavu. Wewe ulikuwa unakuja kwa kasi na mpira, fimbo ikiwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unakwenda vizuri, Zena. Sijui lolote la mchezo huo, lakini mtu anayejua anachofanya anaonekana tu, hata fundi wa matofali. Kisha ukainua macho ukaniona. Ukaihamisha fimbo, ukaitia mkono wa kulia.

Mimi niliona ulivyohamisha. Hilo ndilo sijamwambia mtu mpaka wiki hii. Niliona, na nilifurahi. Nilijisemea moyoni, mwanangu ana adabu, hata kwenye mchezo anamkumbuka mama yake. Nilikuwa bado natabasamu ulipomgonga Anna.

Najua kilichofuata unakijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa juu ya baiskeli. Niliona mkono wako wa kushoto ukibana usukani pasipo na kitu. Gurudumu la Anna likateleza, akaenda ukutani kwa kiganja. Alipoinuka kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda.

Mama yake alifika mbio kutoka kwenye vivuli vya madarasa. Na mimi, badala ya kumshika mtoto wa watu, au kukushika wewe uliyekuwa umekaa kwenye saruji, nikaanza kusema. Nikasema mbele ya wageni, mbele ya Mwalimu Deo, mbele ya watoto unaowasomesha madrasa: "Mama Anna nisamehe, huyu mwanangu goigoi tangu utotoni, mikono haina akili. Nimemfundisha kushona miaka yote hajui kukata nguo, leo anataka kuchezea baiskeli." Ukanitazama. Nikakuuliza, "Si kweli?" Ukasema, "Kweli, mama."

Hata usiku ule, hata baba yako alipokuja kutoka kazini Lugoba akakuuliza kwa upole, ulisema ulizembea. Mji mzima sasa unajua Zena alizembea.

Sasa nikwambie habari za mkono wako. Wewe hukumbuki, ulikuwa bado mdogo sana.

Ulizaliwa na mashoto. Kijiko kwa kushoto, kuchora mchangani kwa kushoto, hata kunipiga ulikuwa unanipiga kwa kushoto. Nikaona aibu. Mtoto akimpa mtu mzima kitu kwa mkono ule, watu hawamtazami mtoto, wanamtazama mama. Wengine wanamfunga mtoto kitambaa. Mimi fundi, nikafanya kifundi. Nilichukua gauni zako za mikono mirefu, mkono wa kushoto nikaushona mdomo, ukawa kama soksi. Ulikuwa unaingiza mkono unatafuta pa kutokea, hupaoni, unalia. Baadaye ukaacha kulia. Majirani wakanisifu, wakasema samaki mkunje angali mbichi, na wawili watatu wakaniletea gauni za watoto wao niwashonee vilevile. Niliwashonea. Bibi yako peke yake, alipokuja kutoka Fukayosi, alikutazama ukihangaika na ule mkono akaniuliza, "Huyu mtoto kaiba nini?" Nikamwambia mama, zama zako zimepita. Alikuwa mgeni wangu na nilimjibu vile.

Kula kwa mkono wa kulia ni sunna, na hilo silirudishi nyuma, hata Arusha kula kwa kulia. Lakini hakuna aliyenituma kwenye kalamu. Hakuna aliyenituma kwenye ufagio wala kwenye mkasi. Hayo niliongeza mwenyewe na nikayavika kilemba cha dini. Na mkasi wangu unajua ulivyo, umetengenezwa kwa mtu wa kulia. Nikitoka ulikuwa unajaribu kwa kushoto, haukati, unatafuna kitambaa. Nikiwepo unashika kwa kulia, mkono usiokuwa wako, mstari unakwenda upogo. Nikakuita goigoi. Nimekuita hivyo miaka, mpaka jina likakukaa, na siku niliyokuuliza mbele ya watu kama si kweli ulijibu kweli kwa sababu ulikuwa unaamini.

Unashangaa nimejuaje kwamba kosa la siku ile si lako. Ulipokwenda Dar kufuatilia karatasi za chuo, Mwalimu Deo alikuja hapa na baiskeli yako. Alikuwa ameinyoosha gurudumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, lakini mwenyewe hayupo, na sidhani kama anaitaka tena."

"Nataka tu kuuliza. Ile breki nimefunga mpya. Niiache upande wake uleule wa kulia?"

"Mimi nitajuaje? Fimbo si anashika kulia? Nyie si mnasema breki iwe upande mwingine?"

Akanitazama. Yule kijana ni mpole, unamjua, akitaka kusema jambo zito anafuta miwani kwanza. "Zena anacheza kwa kushoto, mama. Alianza kwa kulia, akawa anaanguka kila dakika. Siku moja nikamwambia ajaribu mkono mwingine. Tangu hapo hakuna anayempokonya mpira. Mimi mwenyewe ndiye niliyemhamishia breki kulia."

"Siku ile alishika kulia. Nilimwona."

"Ndiyo. Siku ile tu. Nimekuwa najiuliza kwa nini, na nilipomuuliza alisema alichanganyikiwa." Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ambayo hataki jibu lake, "Mama ulikuwa umesimama wapi?"

Nilimkaribisha chai, akasema ana kipindi.

Basi nikakaa. Nilikuwa naona mkono wako tu, ule wa kushoto, ukibana hewa. Nikajiambia labda naongeza chumvi, labda mtu mwenye akili angeweza kusimama hata hivyo. Mimi ni mbishi, nabisha hata nikiwa peke yangu. Nikaona dawa ni kujaribu.

Sasa cheka. Zile Jumamosi nilizokuambia napeleka sare Kerege, nilikuwa uwanja wa netiboli. Nilivaa suruali ya baba yako, dera juu nimelifunga kiunoni, na kofia ngumu ya Mwalimu Deo iliyonibana mtandio. Baiskeli najua, nimepeleka sana mahindi mashineni kule Fukayosi nikiwa msichana. Lakini kuendesha kwa mkono mmoja na umri huu ni jambo jingine. Siku ya kwanza nilikanyaga chini kila nilipoona mpira. Wale vijana wanaoanza hawakucheka, walikuwa wanaona haya kunicheka, wakawa wananiambia "Mama, ubao," kwa adabu kabisa, nami nakwenda katikati nagonga ubao narudi. Nilipoweza kuupiga mpira mara moja tu, ukaenda hatua chache, nilipata furaha ambayo sikuitegemea. Nikakuelewa. Nikaelewa kwa nini uliweka sahani chini.

Kisha nikamwomba mwalimu anipe fimbo mkono wa kulia kwenye baiskeli yako yenye breki kulia. Akakataa. Nikamwambia mimi ni sawa na mama yake mzazi, anipe. Akanipa, akawa anakimbia kandokando yangu kama anafundisha mtoto. Nilikwenda polepole, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Karibu na ukuta nikataka kusimama. Zena, vidole vya kushoto vilibana, na hapakuwa na kitu. Vya kulia vimeshika fimbo, navyo havifunguki, mtu akiogopa ngumi inazidi kujifunga. Nilijua naangukia ukuta na hakuna nilichoweza kufanya. Lile jeraha la goti ulilonitia dawa, nikasema nimejikwaa kizingitini, lilitoka pale. Na mimi sikuwa na mwendo kama wako, wala rafiki yangu hakuwa mbele yangu, wala mama yangu hakuwa ananitazama.

Nikalia palepale chini. Mwalimu akadhani nimeumia.

Jana nilikwenda Kerege kweli, lakini si na sare. Nilikwenda kwa Mama Anna. Unajua tangu siku ile hajanisalimia vizuri, tukikutana sokoni anapitisha macho juu ya kichwa changu, na mimi nikasema ni haki yake, mwanangu kamvunja mwanawe. Nilimkuta analisha kuku. Nikamweleza yote, nimesimama, kikapu mkononi, hata hajanikaribisha. Nikamweleza habari za breki na habari za gauni. Nikasema, "Zena hakuzembea. Aliniogopa mimi. Kama kuna wa kulaumiwa kwa mkono wa Anna, nimekuja."

Akamaliza kumwaga pumba. Akasema, "Mama Zena, kaa."

Nikakaa.

"Mtoto wako nilimsamehe siku ileile. Alikuja hapa peke yake kesho yake, akapiga magoti, akamfulia Anna nguo wiki nzima. Hujui?"

Sikujua.

"Niliyekuwa simpendi ni wewe," akasema. "Wangu alikuwa amevunjika mkono, nami nilimkumbatia. Wako alikuwa amekaa chini pale, ukamtukana mbele ya watu. Nikasema mwanamke huyu sitaki hata salamu yake."

Alisema bila kupandisha sauti. Anna alitoka ndani akanisalimia. Mkono umepona lakini haugeuki vizuri, ndoo anabeba kwa mwingine. Akaniuliza kama unaondoka na fimbo yako. Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie asiiache. Mimi nitarudi kulinda goli, nataka akija likizo nimzuie."

Basi nimefikisha salamu. Fimbo iko nyuma ya mlango. Mwalimu Deo anasema Arusha kuna vijana wanaocheza, ameshaongea nao, wanawapokea hata wasiojua kitu. Ukienda utarudi kuwa mwanagenzi kwa watu usiowajua, utaanguka. Ukiiacha fimbo sitakuuliza. Kama umeichukia kwa sababu yangu, una haki.

Lakini liko jambo moja linaloninyima raha, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Unakwenda kusomea uuguzi. Watakupa sindano ushike. Atakuwepo mwalimu mwenye sauti kama yangu, atasimama nyuma yako, na nakujua, utahamisha mkono. Utahamisha ili asikasirike. Safari hiyo mbele yako hakutakuwa na goli, atakuwa amelala mgonjwa. Mwambie siku ya kwanza kwamba wewe unatumia kushoto. Mwambie kabla hajauliza. Akikunja uso, mwache akunje, watu hawafi kwa kukunja uso. Mimi nimekunja uso miaka yote na bado nala nashiba.

Siwezi kukuahidi kwamba kesho nitakuwa mtu mwingine. Jana tu, nimetoka kwa Mama Anna machozi hayajakauka, nikakukuta unafagia kwa kushoto, na mdomo ukanifunguka wenyewe. Niliuma ulimi. Wewe hukujua, ila uliposikia hatua zangu ulibadilisha ufagio. Sikuwa nimesema neno. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka ulipomaliza kufagia.

Radhi yangu unayo, Zena. Unayo yote, ya kwenda na ya kucheza na ya kushika kitu chochote cha halali kwa mkono Mungu aliokupa. Ila kwetu sisi mzazi ndiye anayeombwa radhi. Mtoto anapiga magoti, mzazi anaweka mkono kichwani, imekwisha. Sijui kwa upande wa pili inaombwaje, sikufundishwa, na hapa nimeandika nimefuta mara nyingi.

Kesho alfajiri utanishika mkono kuniaga. Nipe wa kushoto. Ukishindwa, ukanipa wa kulia kwa mazoea, nitaupokea na nitaubusu, lakini nitajua bado unaniogopa.

Mama yako.